Sumu Iliyovuka kutoka Pangani

Kendwa iko upande wa machweo, karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya Unguja. Nungwi ni jirani, Tumbatu inaonekana kusini-magharibi, na ng'ambo ya mkondo, kama kilomita 50, Mto Pangani unamwaga maji yake baharini. Siku hizi jina la Kendwa huenda sambamba na ufukwe mweupe na hoteli. Katika karne ya 19 bahari hii ilikuwa njia ya biashara. Mashua na majahazi yalivuka kutoka Pangani yakiwa na pembe za ndovu zilizotoka Umasaini, samli, nafaka na watumwa, kisha yakateremka na pwani ya magharibi hadi bandari ya mji. Mwishoni mwa mwaka 1869 biashara hiyohiyo ilileta kipindupindu.

Ugonjwa huo una historia mbili, na kwa kawaida husimuliwa mbalimbali: moja ya visima, mashua na makaburi, nyingine ya maabara, protini na utando wa seli. Kwa Unguja haifai kuzitenganisha. Watu waliokufa mwaka ule waliuawa na protini moja ambayo wakati huo hakuna binadamu aliyejua kuwa ipo, na miaka 140 baadaye sehemu ya protini hiyohiyo ilirudi kisiwani, safari hii kwa makusudi, ndani ya kikombe cha maji.

Habari za 1869 tunazipata hasa kwa James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar na kumtibu Sultani. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu kikubwa kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Kinachonivutia kwake ni namna alivyouliza. Hakutosheka na wagonjwa waliokuwa mbele yake. Aliwahoji viongozi wa misafara, manahodha na wafanyabiashara, kila mmoja akamweleza alikutana na maradhi wapi, na baada ya mvua zipi, na nani aliyekuwa ametangulia kupita njia hiyo. Kwa masimulizi hayo akaichora safari yote. Ugonjwa uliwakumba mahujaji Makka mwaka 1865, ukavuka Bahari ya Shamu, ukapita Uhabeshi na nchi ya Waoromo, ukafika kwa Wamasai, na kutoka huko ukateremka na misafara ya pembe hadi Pangani. Wazungu wengi wa enzi zile waliamini kwamba kipindupindu hufika Afrika kwa meli. Christie alionyesha kwamba safari hii kilikuja kwa miguu, katika bara ambalo ramani zao ziliacha tupu, nacho kiliabiri chombo pale mwisho tu, kwa kuvuka mkondo huu mmoja.

Mji uliokipokea haukuwa tayari. Mji Mkongwe ulitenganishwa na Ng'ambo kwa hori la bahari lililojaa na kukauka kila siku, pale ambapo leo ni Darajani. Visima vilikuwa vifupi na vyoo vya mashimo havikuwa mbali navyo. Ufukwe ulikuwa jaa la mji: Livingstone alipopita mwaka 1866 alilalamika sana juu ya uvundo wake. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi, kwani halikufungwa hadi 1873. Waliofika huko walikuwa wamechoka kwa safari na njaa, wamebanwa pamoja, na maji waliyokunywa yalikuwa yale waliyopewa.

Watu walikufa kwa maelfu, mjini na mashamba. Watumwa na maskini ndio waliozidi, na majina yao hakuna aliyeyaandika. Kutoka Unguja ugonjwa ulishuka kusini hadi Kilwa na kuendelea, na ukarudi tena bara pamoja na misafara. Baadhi ya wapagazi waliokuwa wakimpelekea Livingstone mahitaji yake kule ndani walikufa nao njiani.

Katikati ya msiba ule Christie aliona jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote aliyoandika. Mabaniani, wafanyabiashara wa Kihindu, waliishi katika mji uleule na kuvuta hewa ileile, lakini kipindupindu kiliwagusa kidogo mno. Kwa sheria za dini yao walichota maji wenyewe, katika visima walivyovitunza, kwa vyombo vyao, wala hawakunywa maji yaliyopita mikononi mwa mtu wa nje. Mbele ya ushahidi wa namna hiyo ilikuwa vigumu kushikilia nadharia kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu. John Snow alikuwa amekwisha kusema London mwaka 1854 kwamba ugonjwa uko majini, na wengi hawakumwamini. Christie aliliona tena hapa, bila darubini na bila maabara. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuja kuleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, na hakuna daktari wa wakati wake aliyeufanyia mji ule hisani kubwa kuliko hiyo.

Lakini kujua kwamba ugonjwa uko majini hakumsaidii aliyekwisha kuunywa. Mgonjwa wa kipindupindu aliyeamka mzima anaweza kufika alasiri macho yamezama, sauti imekauka, vidole vimekunjamana. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mapigo hayashikiki kifundoni. Kinachomtoka ni majimaji meupe kama ya kuoshea mchele, pengine lita nzima kwa saa moja, na akili yake i timamu muda mwingi wa haya yote. Madaktari wa karne ile waliwapa wagonjwa afyuni na dawa za zebaki. Mwaka 1832 Thomas Latta wa Uskoti alikuwa amejaribu kuwaingizia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mishipa, na baadhi walifufuka mbele ya macho yake, lakini njia hiyo iliachwa, haikurudi kwa nguvu ila baada ya miongo mingi.

Kwa nini maji yanatoka kiasi hicho? Jibu lililoshika vichwa vya wakubwa wa tiba, na Rudolf Virchow wa Ujerumani akiwa miongoni mwao, lilisema kwamba ngozi ya ndani ya utumbo inabanduka. Jibu hilo lilikuwa na madhara. Kama utumbo umechunika, basi kumnywesha mgonjwa ni kumwaga maji kwenye gunia lililotoboka, na wengi walinyimwa maji kwa sababu hiyo. Robert Koch alikitambua kimelea chenyewe Misri na Calcutta mwaka 1883 na 1884, akahisi kwamba kinafanya kazi kwa sumu, ila hakuweza kuithibitisha. Hadi kufikia 1960 ndipo Eugene Gangarosa alipochukua vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa waliokuwa hai, katika mlipuko wa Thailand, akakuta ngozi ya ndani imekaa mahali pake. Seli zilikuwa nzima, na maji yalitoka katika seli nzima.

Mwaka mmoja kabla yake, huko Calcutta, Sambhu Nath De alikuwa amekwisha kuonyesha chanzo. Alifunga sehemu za utumbo wa sungura kwa uzi, akaingiza humo mchuzi wa vimelea uliochujwa hata usibaki na kimelea hai hata kimoja. Sehemu hizo zikavimba kwa maji. Kimelea kinatema kitu, na kitu hicho peke yake kinatosha. De alifanya kazi hiyo kwa vifaa duni na hakuheshimiwa ipasavyo nyumbani kwao wala nje hadi alipofariki mwaka 1985. Mwaka 1969, miaka 100 kamili baada ya msiba wa Unguja, Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto huko Marekani waliisafisha sumu hiyo ikabaki peke yake. Ilikuwa protini.

Hapa inafaa kutazama kwa karibu, kwa sababu kisa chote kimo katika umbo. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta wa tabaka mbili. Chumvi haiwezi kupenya mafuta. Inayopita hupita katika protini zilizopachikwa kwenye utando, kila moja na kazi yake: hii ni mlango wa kloridi, ile hubeba sukari, nyingine husukuma sodiamu nje. Maji hayana maamuzi yao katika jambo hili, huifuata chumvi iendako. Kwa hiyo anayeishika milango ya chumvi ameyashika maji ya mwili.

Sumu ya kipindupindu ina sehemu mbili. Sehemu B ni vipande vitano vinavyofanana, kila kimoja cha amino asidi 103, vilivyoungana kuwa pete yenye tundu katikati. Sehemu A ni moja, ya amino asidi 240, nayo imekaa juu ya pete huku mkia wake ukishuka ndani ya lile tundu. Umbo la sumu ya ndugu yake, ile ya kimelea cha koli, lilichapishwa na maabara ya Wim Hol ya Groningen mwaka 1991 kwa njia ya miale ya eksirei, na la sumu ya kipindupindu yenyewe likafuata katikati ya muongo huo. Picha hizo zilifafanua yale ambayo W. E. van Heyningen na Jan Holmgren walikuwa wameyagundua kwa kemia miaka ya 1970: pete ile hunasa mafuta fulani yenye sukari, yaitwayo GM1, yaliyoko kwenye uso wa seli za utumbo mdogo. Mahali pa kunasa ni patano, na kwa kushika kote pamoja pete haibanduki kirahisi.

Pete peke yake haimdhuru mtu, na jambo hilo litatufaa mbele. Kazi yake ni kuleta. Seli yenyewe huimeza, na sumu husafirishwa kinyumenyume, kupitia vyumba ambamo seli hutengenezea protini zake, hadi ndani kabisa. Huko sehemu A hujitenga na kujikunjua. Seli ina utaratibu wa kuzitoa chumbani protini zilizoharibika ili zikavunjwe, na sumu hujipitisha humo kana kwamba ni mojawapo, kisha hukwepa kuvunjwa. Ikiwa huru huishika protini moja ambayo kwa kawaida huwaka na kuzimika, huibandika kemikali, na tangu hapo haizimiki tena. Ishara ndani ya seli hupanda kupita kiasi, mlango wa kloridi unabaki wazi, kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata vyote viwili. Hakuna kilichovunjika wala kilichochunika. Mtu anakufa kwa kiu ilhali seli za utumbo wake zinatii amri.

Mlango unaomwokoa mgonjwa uko pembeni ya ule wa kloridi, na sumu haiugusi. Agosti 1960, katika mkutano wa Prague, Robert Crane alieleza kwamba utumbo huingiza sukari ya glukosi kwa kuiambatanisha na sodiamu. Protini moja ya utando huchukua sodiamu mbili na glukosi moja, ikageuka, ikaziachia ndani. Maji yakafuata. Crane hakuwa akifikiria kipindupindu. Lakini maana yake kwa mgonjwa ilikuwa kubwa: ukimpa chumvi peke yake haiingii vya kutosha, ukimpa sukari na chumvi pamoja vinaingia, hata wakati mlango wa pili umeachwa wazi na maji yanamwagika. Mwaka 1968, Dhaka, David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao walilithibitisha hilo kwa wagonjwa, na mwaka 1971 Dilip Mahalanabis akalitumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, pale maji ya mishipani yalipomwishia. Vifo, vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Pakiti ya ORS tunayoijua sasa, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti, za kuchanganywa na lita moja ya maji safi. Penye shida hata vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja vinasaidia, mradi vipimo vifuatwe: chumvi ikizidi ni hatari, sukari ikizidi huongeza kuhara. Dafu, tunalolikimbilia sisi watu wa pwani, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo mno kwa mgonjwa wa kipindupindu. Protini inayoingiza sodiamu na glukosi ilikuwa haijaonwa na mtu wakati wa Bangaon. Umbo lake kwa binadamu lilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2020, pakiti zikiwa zimekwisha kuokoa mamilioni ya watoto.

Zanzibar ilirudiwa na ugonjwa mwaka 1978, mlipuko ulipoanza katika kijiji cha wavuvi. Walioandikwa kuugua ni 411, waliokufa 51, yaani karibu mmoja katika kila wanane. Tangu hapo umekuwa ukija na kuondoka, hasa baada ya masika, wakati maji ya mvua yanapobeba ya vyooni na kuyamwaga visimani.

Januari 2009 Wizara ya Afya ya Zanzibar na Shirika la Afya Duniani walianza kazi ambayo Afrika ilikuwa na mifano michache sana ya kulinganisha nayo. Walichagua maeneo sita ya Unguja na Pemba yaliyozoea kupigwa, Chumbuni na Mwambe yakiwemo, wakawapa watu chanjo ya kunywa. Ndani yake mlikuwa na vimelea vilivyouawa na, pamoja navyo, miligramu moja ya sehemu B, ile pete, bila sehemu A. Hilo ndilo wazo lililotokana na maabara ya Holmgren kule Gothenburg: mwili ukizoea kuikamata pete, sumu haitapata pa kushika. Kwa kuwa tindikali ya tumboni huivunja pete vipande vipande, kila mtu alinyweshwa chanjo pamoja na unga wa bikaboneti uliokorogwa katika maji. Hebu fikiria kazi hiyo mtaani: maji safi kwa kila dozi, vikombe, ubaridi wa kuhifadhia chupa, na kumrudia mtu yuleyule kwa dozi ya pili. Kati ya watu 48,178 waliostahili, 23,921 walikunywa zote mbili.

Kipimo hakikuchelewa kufika. Kipindupindu kililipuka mwaka huohuo, na ufuatiliaji ukaendelea hadi Mei 2010. Utafiti ulioongozwa na Ahmed Khatib, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba chanjo ilikinga kwa asilimia 79. Zaidi ya hapo, katika mitaa ambamo wengi walichanja, hata majirani wasiochanjwa waliugua kidogo, kwa sababu anayekingwa hachafui maji ya mwenzake. Takwimu hizi zimetumiwa tangu hapo na watu wanaopanga chanjo katika nchi nyingine, na naona ni haki Wazanzibari wajue kwamba zilitoka kwenye mitaa yao.

Chanjo zilizokuja baadaye, za bei nafuu kutoka India na Korea, zimeiacha ile pete. Zina vimelea vilivyouawa peke yake, hazihitaji bikaboneti wala kikombe cha maji, na za aina hiyo ndizo zinazowekwa kwenye akiba ya dunia. Wanaosikitika kwamba protini iliyosomwa kwa nusu karne imetolewa nje wakumbuke mhudumu wa afya anayebeba maji safi hadi kijiji kisicho na maji safi.

Septemba 2015 ugonjwa ulivuka tena kutoka bara. Hadi ulipokoma mwaka uliofuata ulikuwa umewashika watu zaidi ya 4,000 Zanzibar, wakafa 68. Ulinganishe na 1978: wagonjwa mara kumi, lakini kati yao hakufa hata mmoja katika kila hamsini. Tofauti hiyo ni kazi ya pakiti, ya maji ya mishipani, na ya wauguzi wa kambi za kipindupindu waliokesha wakipima ndoo. Lakini ile idadi ya kwanza, ya waliougua, haikupunguzwa na pakiti, maana pakiti humkuta mtu ameshakunywa.

Mwamba wa kaskazini ya Unguja ni wa matumbawe, wenye matundu, na kinachomwagwa juu hufika kwenye maji ya chini haraka. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mtalii katika pwani ya Unguja anatumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, na mwenyeji lita 48. Vijiji kama Kendwa vimejaa hoteli zaidi tangu wakati huo. Serikali ya Zanzibar ina mpango wa kutokomeza kipindupindu wa miaka 10, kuanzia 2018 hadi 2027, unaohusisha chanjo, maabara, vyoo na maji. Kati ya hivyo vinne, Christie angekitambua kile cha mwisho mara moja, na binafsi ndicho ninachotaka kuona kikitangulia katika Wilaya ya Kaskazini A: mabomba yenye maji ya dawa hadi kwenye nyumba za wanakijiji, kabla ya kibali cha bwawa jingine la kuogelea.